Bi Harusi na Mkoba Wake wa Spana



Leo hatuzungumzi singo wala mitindo ya shela. Kuna jambo limetukaa rohoni na tumeona tukilinyamazia tutakuwa tumeshiriki.

Hivi karibuni alikuja dukani kwetu bi harusi kupimwa nguo ya nikahi. Si mgeni kwetu. Ni binti tuliyefanya naye kazi miaka mitatu, tukitembea nyumba kwa nyumba na mkoba begani, tukitengeneza mabomba, vitasa, bawaba na kuta zinazobanduka rangi. Tulipomnyoosha mkono kumpima, somo wake aliyemsindikiza akauangalia ule mkono, akaguna: "Mkono huu hina itakaa wapi?" Tukacheka sote, hata bi harusi. Lakini somo hakuja kwa mzaha. Alitumwa. Upande wa bwana harusi wamekubali mahari, tarehe na karamu. Wamebakisha moja tu: mkoba wa spana ubaki kwao. Mke wa mtu hapandi ngazi kwenye nyumba za watu. Na sisi, kwa kuwa ndio tuliomfundisha, tukaombwa tumshauri auache kwa salama.

Hatukumshauri hivyo. Tukamwambia somo, "Mama, tupe siku chache tufikiri, tutajibu kwa heshima." Hili ndilo jibu letu. Tumeliandika hapa kwa sababu tunajua si binti huyu peke yake.

Kwanza tuseme sisi ni nani. Sisi ni washonaji. Tulimaliza sekondari, tukasoma ushonaji, tukafungua duka. Lakini tangu utotoni mikono yetu ilikuwa haitulii ikiona kitu kilichoharibika. Mwenzetu mmoja alichapwa na bibi yake kwa kuifungua redio ya nyumbani, akachapwa tena kwa kuificha, maana aliirudisha ikiwa inalia vizuri kuliko mwanzo na akaogopa kusema. Tulipokuwa tunasomea ushonaji, cherahani ikianza kuruka uzi wenzetu walikaa kumngoja fundi siku mbili. Sisi tulifungua kifuniko, tukatoa vumbi la pamba lililoganda chini ya meno, tukaiweka sindano sawa, tukatia tone la mafuta, kazi ikaendelea. Hatukuona ajabu. Baadaye koki ya duka ikavuja, tukaifungua pia. Kisha mteja mmoja, mjane, akatuuliza kwa aibu kama tunaweza kumtazamia bomba la chooni.

Kwa mjane huyo ndipo tulipofunguka macho. Alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi, mwanamke ametulia ndani kwake, na choo kinamwaga maji siku ya tano. Watoto wake wa kiume wako ng'ambo. Fundi wa mtaa ni kijana mwema, lakini ni mwanamme ajnabi, na yule mama kila akifikiria kumwita anatafuta kwanza nani wa kukaa naye ndani, ajifunike vipi, ajifungie chumba gani. Basi akaacha maji yamwagike. Tatizo lilikuwa kipande cha mpira kidogo kuliko kisahani cha kahawa, kimechakaa. Tulikibadilisha kwa muda wa kuchemsha chai. Yule mama alilia. Hakuwa analilia choo. Alilia kwa sababu kwa siku tano alikuwa amechaguzishwa kati ya sitara yake na maji yake.

Sasa tuwaulize nyinyi mnaosema kazi hii haimfai mwanamke wa Kiislamu: je, anayefaa kuingia ndani kwetu saa nne asubuhi, waume wakiwa kazini, ni nani? Sote tunaijua ile asubuhi. Bomba linapasuka, unapiga simu, fundi anabisha hodi. Unavaa baibui ndani ya nyumba yako mwenyewe. Unamtoa mtoto skuli au unamwita jirani aje akae mlangoni ili isiwe faragha ya mwanamke na mwanamme ajnabi. Fundi anaingia mpaka bafuni, nguo zako ziko kwenye kamba. Hakuna anayeona haya hapo. Haya inakuja pale anapobisha hodi fundi wa kike!

Tukitaka kujifungua tunaomba mkunga mwanamke. Tukitaka kupimwa nguo tunamtaka mshonaji mwanamke, na ndiyo maana mnakuja kwetu. Tukifa, tunaoshwa na wanawake. Mambo yote ya sitara tumeyawekea wanawake wake. Iweje chumba cha kulala na bafu, mahali pa ndani kabisa, tumewaachia wanaume peke yao kisha tunasema tunalinda dini?

Tunajua neno linalofuata: "Hiyo ni kazi ya kiume." Haya, twendeni pwani. Nani anayefukia makumbi ya nazi kwenye matope, akayafukua baada ya miezi, akayaponda kwa mti mpaka yakawa usumba wa kusokotea kamba? Mama zetu. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, nani aliyeingia baharini na vigingi na kamba, maji mpaka kiunoni, jua utosini? Mama zetu. Na kule Kinyasini, Kaskazini Unguja, kuna mahali wanapofundishwa akina mama wa vijijini kuunganisha na kufunga taa za umeme wa jua, wengine hawakusoma sana, na wanarudi vijijini mwao kuwasha majumba ya watu. Mikono hiyo yote ni migumu kuliko yetu. Hakuna aliyekwenda kumwambia mama wa mwani kwamba hina haitakaa.

Kwa nini? Sisi tunasema wazi: ugumu wa kazi haujawahi kuwa hoja. Mwanamke akibeba, akiponda, akiloa, akiungua jua kwa fedha kidogo, anaitwa mchapakazi. Akishika spana, ambayo inaingiza fedha ya maana na haimvunji mgongo nusu ya vile, ghafla kazi imekuwa ya kiume. Kinachoitwa cha kiume hapo ni malipo. Atakayekasirika na akasirike, lakini kwanza atuonyeshe tulipokosea.

Sasa tuje kwenye dini, maana ndiyo inayotajwa kila mara na wengi wanaoitaja hawaifungui. Mitume wa Mwenyezi Mungu walikuwa watu wa kazi za mikono. Nabii Nuh, alayhi salaam, alijenga jahazi. Nabii Daud alilainishiwa chuma akatengeneza mavazi ya vita, na Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko anachokula mtu kwa kazi ya mkono wake, akamtaja Daud kwa mfano. Nabii Zakariya alikuwa seremala, imo katika hadithi sahihi. Mtume mwenyewe alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake, akishona kiatu chake kilichokatika.

Mtasema hao wanaume. Haya, Bibi Asmaa binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake. Yeye mwenyewe ameelezea maisha yake alipoolewa na Zubair: alimlisha farasi, alichota maji, na ndoo ya ngozi ikipasuka aliishona yeye. Tafakarini, dada zetu. Ndoo ya maji imeharibika, mke wa sahaba mkubwa anaitengeneza kwa mkono wake. Sisi tunaona huyo ni fundi bomba wa zama zile! Na Bibi Zainab binti Jahsh, mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kile anachopata. Kuhusu pato, Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 32, imetaja kwamba wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Hatukuambiwa chumo la cherahani ni halali na la spana si halali.

Tuwe waadilifu, zipo hoja zenye uzito na hatuzikimbii.

Ya kwanza: je, fundi wa kike naye akiingia nyumba yenye mwanamme peke yake? Haingii. Huo ndio utaratibu wetu tangu siku ya kwanza. Tunakwenda wawili wawili, na tunaingia nyumba ambayo mwenye nyumba mwanamke yupo. Akipiga simu mwanamme, tunauliza kwa adabu, "Mama yupo nyumbani?" Kama hayupo, tunampa namba ya fundi mwanamme tunayemwamini. Tumepoteza kazi kwa sharti hilo. Hatujapoteza riziki.

Ya pili: mavazi. Tunavaa suruali pana, juu yake gauni la kazi linalofika chini ya magoti, tulilolishona wenyewe kwa kitambaa cha jinzi, na mtandio uliobanwa kwa pini ndani ya kola. Ushungi unaoning'inia karibu na drili ni hatari, kwa hiyo kubana ni sitara na ni usalama kwa pamoja. Juu ya paa linaloonekana na barabara nzima hatupandi, tunawaachia wenye kazi hiyo.

Ya tatu: hatari ya umeme. Hapa tunakubaliana kabisa. Mita na waya wa kutoka nguzoni ni vya shirika la umeme, haviguswi. Kusuka waya nyumba nzima ni kazi ya fundi mwenye leseni, awe mwanamme au mwanamke. Sisi tunabadilisha swichi, soketi na kishikio cha taa, swichi kuu ikiwa imezimwa na tumeshapima kwa tesa kwamba hakuna moto. Na hita ya kuogea isiyofungwa waya wa ardhini hatuigusi mpaka fundi wa leseni aifunge. Mama akisema "mbona mwaka wote tumeogea," tunamwambia na iwe mwisho leo.

Sasa tugeuke upande wa pili, tuwaseme wenzetu. Wapo mabinti wanatufuata wakisema, "Mimi napenda kazi za mikono, nataka kuwa fundi kama nyinyi." Alhamdulillah. Lakini kupenda peke yake hakuzibi bomba. Sisi tulijifunza kwa fedheha. Mwaka wetu wa kwanza tulifunga koki kwenye kiungo cha plastiki, tukakaza kwa nguvu zote tukidhani ndiyo uimara. Kiungo kikapata ufa mwembamba kama unywele. Usiku maji yakaingia kwenye dari ya chumba cha chini. Tulilipa dari ile kwa fedha za nguo tatu za harusi, na tukarudi darasani. Vituo vya mafunzo ya amali vipo, Mwanakwerekwe na Mkokotoni hapa Unguja, na Vitongoji kule Pemba. Ufundi bomba, umeme na useremala si mali ya wavulana. Nendeni mkajiandikishe.

Visiwa vyetu vina adabu zake ambazo lazima fundi azijue. Hewa ya chumvi inakula chuma, basi usimfungie mtu bawaba ya chuma rahisi karibu na bahari, itamwaga kutu kabla ya mwaka. Mwambie anunue ya shaba au chuma kisichoshika kutu hata kama ni ghali. Maji yetu mahali pengi yana chokaa, bomba la mvua la bafuni linaziba matundu. Kabla hujamwambia mama anunue jipya, loweka lile la zamani kwenye siki usiku mmoja, asubuhi lisugue kwa mswaki. Tepu nyeupe ya bomba inazungushwa kuelekea upande ule ule wa kukazia, la sivyo inafunguka ukiikaza. Tangi linalofurika halihitaji tangi jipya, tazama boya kwanza.

Na nyumba za Mji Mkongwe, jamani! Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinapumua. Mafundi wengi wanakuja na saruji, wanapiga plasta ngumu juu yake. Unyevu unafungiwa ndani, rangi inatoka magamba, mwenye nyumba anapaka upya kila mwaka akidhani ni rangi mbovu. Ukuta wa chokaa urudishiwe chokaa. Kazi hiyo inataka subira, matabaka membamba, kila tabaka likauke. Mwenye mkono uliozoea kudarizi kofia ana subira hiyo tayari.

Na hesabu! Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika kazi, andika vifaa, andika uliyemdai. Chukua fedha ya vifaa kabla ya kuanza. Kazi ikiharibika ndani ya mwezi kwa kosa lako, rudi uitengeneze bure na useme samahani. Hapo ndipo jina linapojengeka.

Lakini na nyinyi wateja tuna kesi na nyinyi. Fundi mwanamme akitaja bei, mnalipa na juisi ya ukwaju mnampa. Sisi tukitaja bei ile ile, mnasema, "Shoga, si udugu huu? Nipunguzie." Udugu gani usiojua kwamba na sisi tuna watoto? Mwingine anatuacha tumalize kisha anamwita mumewe aje akague kama tumefunga sawa, mume mwenyewe hajawahi kushika bisibisi. Tunacheka, lakini tunaumia. Mkitaka mabinti zenu wapate fundi wa kike siku wakiwa kwenye eda, au wana mtoto mchanga, au mume yuko safarini Maskati, mlipeni fundi wa kike leo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunarudi kwa bi harusi wetu.

Hatumfundishi mtu kumkaidi mumewe. Maisha ya ndoa ni makubaliano, na mahali pa makubaliano ni kabla ya nikahi, si baada ya fungate. Ndiyo maana tunawaambia mabinti wote: wakati wa posa msizungumze mahari na karamu tu, zungumzeni na kazi. Sema unachofanya, saa ngapi unatoka, na nani, unavaa nini. Ukiwa na sharti, liseme kwa mdomo wako, walii wako alijue, liandikwe, na muulizeni shekhe au kadhi namna ya kuliweka. Ukinyamaza ukitumaini atabadilika, utakuwa umemdanganya yeye na umejidanganya mwenyewe.

Na kwa bwana harusi, mwanetu, tunasema haya kwa upole. Unaona aibu mkeo akibeba mkoba wa vyuma. Mkoba huo umemsomesha mdogo wake mpaka akamaliza skuli. Umemnunulia mama yake dawa ya presha bila kumgongea mtu mlango. Umeingia nyumba za wajane na wazazi wenye watoto wachanga, na kila nyumba umetoka na dua. Ukimwambia auache, atauacha labda, kwa sababu anakupenda. Kisha siku moja bomba la nyumbani kwako litapasuka ukiwa kazini. Mkeo atakuwa amesimama palepale, anajua koki kuu iko wapi, anajua spana namba ngapi, na atakaa amngoje mwanamme ajnabi aje amfungulie maji. Hiyo ndiyo heshima uliyoitaka?

Kuhusu hina, somo asiwe na wasiwasi. Tumeshamwelekeza bi harusi: mafuta ya nazi kila usiku, sukari na ndimu kusugua viganja, glavu za pamba wakati wa kazi mpaka wiki ya harusi. Na hina inashika sana kwenye ngozi nene ya kiganja, muulizeni mpakaji yeyote. Itakolea vizuri.

Jibu kutoka upande wa bwana harusi bado halijaja. Nguo tunaendelea kuishona, tumebakisha kudarizi mikono. Chini ya meza ya kukatia, mkoba wake upo, spana zimepakwa mafuta zisishike kutu. Hatujampa yeyote, na hatutampa mpaka mwenyewe aseme.

Mwenyezi Mungu amjaalie ndoa ya kheri, awape mabinti zetu riziki ya halali kwa mikono yao, na atusitiri sote, ndani na nje. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.